Zana za kusoma ajali za kerneli ya Linux: ipi hukataa na ipi hudanganya jedwali la alama lisipolingana?

Siku ambayo faili la vmlinux (kerneli iliyojengwa, pamoja na jedwali lake la alama, yaani majina ya fanksheni na anwani zake) ulilo nalo ndilo lile lile lililokuwa likiendesha mashine iliyoanguka, zana zote za kusoma logi hutoa jibu moja, na kuzilinganisha hakuna maana. Thamani ya kila moja huonekana pale faili linapokuwa la ujenzi mwingine: toleo lina jina lile lile lakini kompaila ni tofauti, au mipangilio imebadilika kidogo, au moduli imejengwa upya baada ya ile ya zamani kuwa tayari imepakiwa. Mapitio haya yanazipima zana nne kwa swali moja tu. Zikipewa jedwali la alama lisilo lao, zinakataa, zinaonya, au zinatoa jibu safi lisilo la kweli?

Tatu kati ya hizo zinakuja na msimbo wa kerneli wenyewe, ndani ya folda ya scripts: decode_stacktrace.sh, faddr2line na decodecode. Ya nne ni crash, programu inayojitegemea, inayosoma picha nzima ya kumbukumbu iliyohifadhiwa na kdump kerneli inapoanguka.

Kwanza tuelewane logi inabeba nini. Kerneli ya leo, ikiwa imejengwa na CONFIG_KALLSYMS, ina jedwali lake la alama ndani yake na hutafsiri anwani yenyewe kabla ya kuchapisha. Ndiyo maana ksymoops, zana ya kutafsiri anwani iliyotegemewa enzi za kerneli 2.4, haina kazi tena tangu 2.6. Mstari unaoupata ni wa namna hii:

RIP: 0010:ext4_readdir+0x5c/0x8a0

Namba ya kwanza ni ofseti, yaani hatua ngapi za baiti kutoka mwanzo wa fanksheni. Ya pili, baada ya mkwaju, ni urefu wa fanksheni yote. (Namba zilizo hapa ni za mfano.) Jina na namba hizo mbili vimetoka kwenye kerneli iliyoanguka, kwa hiyo ni vya kuaminika. Kinachokosekana ni faili na mstari wa msimbo, na hapo ndipo vmlinux yako inapoingia, na hapo ndipo kosa linapoingia pia. Ule urefu watu wengi huuruka kwa macho. Usiuruke: ndiyo alama ya vidole pekee iliyopo kwenye kila mstari wa mfuatano wa miito.

decode_stacktrace.sh ndiyo inayopendwa kuliko zote, na kwa haki. Iliingia kwenye kerneli mwaka 2014, na kuitumia ni amri moja:

./scripts/decode_stacktrace.sh vmlinux < oops.txt

Inapitia logi mstari kwa mstari, inaacha mihuri ya saa kama ilivyo, inabadilisha kila jina kuwa faili na namba ya mstari, na inafunua hata fanksheni zilizokunjwa ndani ya nyingine na kompaila. Ukiipa njia ya moduli inazitafuta yenyewe. Usipoipa, inasema wazi kwamba njia hiyo inahitajika. Kwa urahisi wa kutumia haina mshindani.

Lakini fungua skripti yenyewe uone inavyofanya hesabu. Inachukua jina, inatafuta anwani yake kwa nm (zana inayoorodhesha alama za faili) ndani ya vmlinux yako, inajumlisha ofseti, kisha matokeo inampa addr2line, zana inayogeuza anwani kuwa faili na mstari. Ule urefu ulio baada ya mkwaju inautupa. Kwa hiyo ukiipa vmlinux ambayo ext4_readdir ina baiti 0x910 badala ya 0x8a0, haitasema neno. Itachukua 0x5c ndani ya fanksheni isiyo hiyo na kukupa mstari wa msimbo uliopo kweli, kwenye faili lililopo kweli, wenye kueleweka kabisa. Mtu anaweza kupoteza siku nzima akitafuta hitilafu kwenye mstari ambao haukuhusika.

Kuna tatizo la pili la aina hiyo hiyo. Kerneli ina fanksheni nyingi za static (zinazojulikana ndani ya faili lake tu) zenye majina yanayofanana. Majina t_start na s_show ni mifano inayofahamika kwa yeyote aliyepita kwenye msimbo wa ufuatiliaji. decode_stacktrace.sh ikikuta jina limejirudia, inachukua la kwanza lililotolewa na nm na kuendelea. Hapa hata vmlinux iliyo sahihi haikuokoi.

Chaguo la -r, linalotafuta vmlinux lenyewe kwa kutumia jina la toleo, ni zuri kwa mwenye haraka na ni mtego kwa asiyeangalia. Linatazama jina la toleo peke yake. Chukua kichwa cha oops (ripoti ya kosa inayochapishwa na kerneli) kwenye Debian 12: utaona 6.1.0-18-amd64 #1 Debian 6.1.76-1. Sehemu ya kwanza ndiyo inayotolewa na uname -r. Sehemu ya mwisho ndiyo inayotaja kifurushi chenyewe. Anayejenga kerneli mwenyewe yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu anaweza kujenga mara kumi bila kubadilisha jina la toleo hata mara moja.

Hukumu yetu juu yake: itumie, lakini isiwe ya kwanza. Iache ikusaidie kuandika ripoti baada ya vmlinux kuthibitishwa kwa njia nyingine.

Zana inayostahili kutangulia ni faddr2line. Haivutii. Inataka umpe jina moja moja kwa mkono, haisomi logi nzima, na kwenye vmlinux yenye taarifa zote za utatuzi si ya haraka. Lakini ndiyo inayosoma urefu:

./scripts/faddr2line vmlinux ext4_readdir+0x5c/0x8a0

Urefu ukilingana, inatoa faili na mstari. Usipolingana, inakuambia imeiruka anwani hiyo kwa sababu ya "size mismatch", inaonyesha namba zote mbili, na inamalizia na "no match". Jina likiwa limejirudia, inatumia urefu huo kuchagua, na zikibaki zaidi ya moja inazionyesha zote badala ya kukuchagulia kimyakimya. Kwa moduli inamtajia addr2line sehemu ya faili anayopaswa kutazama. Hilo ni la lazima, kwa sababu ndani ya faili la .ko kila sehemu huanza na anwani sifuri, na .text na .init.text hugongana.

Sharti moja: mpe urefu kila mara. Ukiandika ext4_readdir+0x5c peke yake inakubali, ila umeshaiondolea kinga yote iliyokuwa nayo.

Kuna wanaojaribu kufanya ulinganisho huu kwa mkono kwa nm -S, wakaona tofauti ya baiti chache wakaogopa. Urefu unaochapishwa na kerneli ni umbali hadi alama inayofuata, pamoja na baiti za kujazia zinazopanga fanksheni kwenye mipaka yake. Urefu wa nm -S hauna hizo baiti. Mpangilio ukiwa wa baiti 16, tofauti ya hadi 15 ni ya kawaida. faddr2line inajua hilo na inahesabu kama kerneli inavyohesabu, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiachia kazi.

Mstari mmoja ukilingana usishangilie bado. Chukua mitano au sita kutoka kwenye mfuatano, ukiacha yenye alama ya kuuliza mbele yake, kwani hiyo ni mabaki yaliyokutwa kwenye staki na haina uhakika. Ikilingana yote, una ushahidi mzito. Usipolingana hata mmoja, tupa hiyo vmlinux. Hali ya katikati ndiyo yenye habari. Zile za kerneli zikilingana na za moduli moja zikakataa, moduli hiyo imejengwa upya au imebadilishwa kwenye diski baada ya kupakiwa. DKMS, mfumo unaojenga upya moduli za nje, husababisha hili mara nyingi. Tazama pia herufi zinazofuata neno Tainted: O ni moduli kutoka nje ya msimbo wa kerneli, K ni kiraka cha moto kilichobadilisha fanksheni mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi, na D inamaanisha ilikwishatokea ajali nyingine kabla ya hii, hivyo rudi juu kwenye logi ukaanze na ile.

Dalili nyingine ya kompaila tofauti iko kwenye majina yenyewe. Logi ikiwa na mkia kama .isra.0, .constprop.0 au .part.0, na vmlinux yako haina jina lenye mkia huo, kompaila GCC aliyejenga ile si huyu, au alipewa maagizo mengine ya uboreshaji. Usifute mkia ili jina lipatikane. Fanksheni yenye mkia ni nakala iliyofinyangwa upya, na ofseti zake hazihusiani na za asili.

Sasa decodecode, ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayodharauliwa kuliko inavyostahili. Haihitaji jedwali la alama kabisa. Inasoma mstari wa Code: ulio kwenye oops, yaani baiti zilizokuwa kwenye kumbukumbu pale prosesa ilipogoma, na kuzigeuza kuwa maagizo ya mashine:

./scripts/decodecode < oops.txt

Kwenye x86 mstari huo una baiti 64: 42 kabla ya agizo lililogoma, kisha baiti yake ya kwanza ikiwa ndani ya mabano ya pembe, kisha 21. Ndiyo maana agizo lenye kosa huonekana kwenye nafasi ya 2a, na skripti huliwekea maneno "trapping instruction" pembeni. Ukiona pale 48 8b 40 18, ambayo ni mov 0x18(%rax),%rax, na RAX kwenye logi ni sifuri, na anwani iliyoshindikana ni 0x18, basi unajua kilichotokea kabla hujagusa vmlinux yoyote: kielekezi kilikuwa tupu na uwanja uliotafutwa uko baiti 0x18 kutoka mwanzo wa muundo.

Baada ya hapo fungua vmlinux yako kwa objdump -d (zana inayoonyesha maagizo ya mashine yaliyo ndani ya faili) kwenye mahali panapodaiwa, ukitumia --start-address na --stop-address, ulinganishe baiti. Huu ndio mtihani mkali kuliko yote, kwa kuwa unaweka kilichokuwa kwenye mashine kando ya kilicho kwenye faili. Ila ujue tofauti zilizo halali. Kerneli hujibadilisha yenyewe ikiwaka: mwanzoni mwa fanksheni mwito wa baiti tano kwa ajili ya ftrace, mfumo wa kufuatilia fanksheni, hugeuzwa kuwa 0f 1f 44 00 00, matawi ya jump label huwashwa na kuzimwa, na maagizo mbadala huwekwa kulingana na prosesa iliyopo. Baiti za kwanza za Code: pia zinaweza kuanza katikati ya agizo, hivyo mistari miwili mitatu ya juu ikiwa upuuzi usijali, hukaa sawa kabla ya kufika 2a. Tofauti nje ya sababu hizo ni ushahidi kwamba faili si lenyewe.

Kama logi imetoka kwenye mashine ya aina nyingine, weka ARCH na CROSS_COMPILE kabla ya amri, kwa mfano ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu-. Kwenye arm64 mstari wa Code: ni mfupi, maneno matano tu, lililogoma likiwa la mwisho ndani ya mabano. Yanatosha kulitambua agizo, hayatoshi kwa ulinganisho mrefu.

Udhaifu wa decodecode ni kwamba inahusu sehemu moja tu, pale ajali ilipotokea. Juu ya walioita fanksheni hiyo haisemi kitu. Na logi iliyonakiliwa kwa picha ya skrini, au iliyokatwa njiani na netconsole, inayotuma logi kwa mtandao, mara nyingi imepoteza mstari huo huo.

Kabla hujaendelea na crash, kuna hesabu moja ya KASLR, yaani upangaji wa nasibu wa anwani za kerneli, inayowachanganya wengi. Kwenye x86-64 upangaji huo umekuwa ukiwashwa kwa kawaida tangu toleo 4.12 la mwaka 2017. Ukiwa na jina na ofseti haukuhusu, maana ofseti ndani ya fanksheni haibadiliki. Unakuhusu ukiwa na anwani tupu. Logi ya paniki, yaani kerneli inaposimama kabisa, humalizia na mstari wa Kernel Offset. Tuseme unasema 0x1c000000 kutoka 0xffffffff81000000. Anwani 0xffffffff9d2a41f3 toa 0x1c000000 inakuwa 0xffffffff812a41f3, na hiyo ndiyo ya kumpa addr2line. Mstari huo huchapishwa kwenye paniki. Oops ambayo mashine iliinusurika haina. Mtu akimpa addr2line anwani bila kutoa hiyo namba, hupata alama za kuuliza, na haraka hudhani jedwali halilingani kumbe ni hesabu iliyorukwa.

crash yenyewe ni ngome. Unampa vmlinux na vmcore (ile picha ya kumbukumbu), na kabla ya kukufungulia mlango anasoma bango la toleo lililo ndani ya picha ya kumbukumbu na kulilinganisha na la vmlinux. Yakitofautiana anakataa kwa maneno ya wazi kwamba mafaili hayo mawili "do not match". Bango lina jina la toleo, kompaila, namba ya ujenzi na saa ya ujenzi, kwa hiyo si rahisi kupenya kwa bahati. Ofseti ya KASLR anaisoma mwenyewe kutoka kwenye picha. Ukitaka kujua toleo kabla hata ya kutafuta vmlinux, crash --osrelease vmcore inakupa.

Hata hivyo ngome ina mlango wa nyuma. Wanaojenga kerneli kwa KBUILD_BUILD_TIMESTAMP iliyogandishwa, ili matokeo yarudiwe sawasawa, wanaweza kupata mabango mawili yanayofanana kwa mipangilio miwili tofauti. Hapo ukaguzi wa bango hauna nguvu, na tegemeo ni kitambulisho cha ujenzi (build ID), tutakachokiona chini.

crash pia hukubali System.map, orodha ya alama na anwani zake, kama faili la ziada kwenye amri: crash System.map vmlinux vmcore. Imekusudiwa hali ambapo vmlinux si ile ile lakini System.map ya kerneli iliyoanguka ipo. Inasaidia, na inapaswa kushikwa kwa uangalifu mkubwa. Anwani za alama zitatoka kwenye System.map na zitakuwa sahihi. Maumbo ya miundo, yaani kila uwanja uko baiti ya ngapi, bado yatatoka kwenye vmlinux isiyo yenyewe. Chaguo moja la mipangilio linaloongeza uwanja ndani ya task_struct linatosha kusukuma kila kinachofuata, na amri ya ps ikaanza kutoa majina ya ajabu. sym na log zitaaminika kwa kiasi. Kinachosoma nyanja za muundo kithibitishwe kwanza.

Jambo hilo hilo linamhusu anayetumia pahole, zana inayoonyesha mpangilio wa nyanja za muundo, kutafuta uwanja ulio kwenye 0x18 ya mfano wetu. Mabadiliko ya nafasi ya uwanja mara nyingi hayabadilishi urefu wa fanksheni, kwa kuwa agizo ni lile lile na namba iliyo ndani yake tu ndiyo tofauti. faddr2line itapita, namba ya mstari itakuwa sahihi, na pahole itakutajia uwanja usio huo. Ni decodecode kando ya objdump inayolinasa hili, baiti yenye thamani 18 upande mmoja na yenye 20 upande wa pili.

Usichanganye haya na ujumbe wa crash unaosema "page excluded". Huo unatokana na makedumpfile kuacha kurasa fulani ili picha iwe ndogo, na hauhusiani na alama.

Kitambulisho cha ujenzi ndicho kinachomaliza ubishi wote huu kinapopatikana. readelf -n vmlinux hukionyesha, kwa kawaida tarakimu 40 za heksadesimali. Kwenye mashine inayoendelea kufanya kazi kiko ndani ya /sys/kernel/notes, na kila moduli ina chake chini ya /sys/module. Kerneli iliyojengwa na CONFIG_STACKTRACE_BUILD_ID, uwezo uliokuja na 5.14, hukichapisha ndani ya logi kando ya jina la moduli, na hapo decode_stacktrace.sh hubadilika tabia kabisa: inaweza kukitumia kumtafuta mhusika sahihi kwa debuginfod-find (zana inayoleta faili la utatuzi kwa kitambulisho chake) badala ya kubahatisha kwa jina. Kwa anayesimamia mashine nyingi, kuwasha chaguo hilo ni uamuzi bora kuliko kubadilisha zana yoyote. Gharama yake ni mistari mirefu kwenye logi.

Na kama vmlinux ya asili haipo tena? Ukijenga upya kwa msimbo ule ule, .config ile ile na kompaila wa toleo lile lile, ukaongeza CONFIG_DEBUG_INFO, maagizo ya mashine kwa kawaida hutoka yale yale ingawa kitambulisho kitakuwa kingine. Hapo urefu wa fanksheni na mstari wa Code: ndio mashahidi wako, na vipimo vya faddr2line na decodecode lazima vipite vyote. Ikiwa kilichobaki ni picha ya kuwashia tu, scripts/extract-vmlinux itatoa faili la ELF (muundo ule ule wa vmlinux) ndani yake, lakini bila alama. Vmlinux-to-elf, ambayo ni mradi wa nje, huenda mbele zaidi na kusoma jedwali la kallsyms lililofichwa humo na kurudisha majina. Namba za mistari huzipati kwa njia hiyo. Unapata fanksheni halisi za kerneli iliyoanguka, tayari kwa objdump, na kwa ajali yenye mstari wa Code: uliokamilika hiyo inatosha kufika kwenye agizo lenyewe.